Uzi wa wasoma riwaya: unasoma nini sasa hivi na umefika wapi? (wa fantasia kaeni mbele)

Mleta uzi

Wakuu salama? Naomba kila anayesoma riwaya kwa sasa aseme hapa anasoma ipi, yuko wapi humo ndani na inamfanya nini. Sitaki orodha ya vitabu bora vya dunia wala vile ulivyosoma ukiwa fomu two, nataka kile kilichopo pembeni ya mto wako leo hii au kwenye simu ukiwa kwenye daladala. Wa fantasia karibuni mbele kabisa maana ndio ugonjwa wangu.

Naanza mimi. Miaka mitatu nimeishi kwenye vitabu vya majoka ya Kizungu. Nimemaliza vitano vyote vya A Song of Ice and Fire ya George R.R. Martin, cha kwanza kilitoka 1996 cha tano 2011, cha sita tunakisubiri mpaka macho yanauma, nikahamia kwa Tolkien nikarudia juzuu zote tatu za The Lord of the Rings. Sasa mwezi uliopita nlienda Tanga kumwona mama, umeme ukakatika tangu magharibi, simu ikazima, nikafungua sanduku la vitabu vya dada yangu nikakuta Kusadikika. Jalada limeliwa na mende pembeni, ndani dada kaandika kwa penseli karibu kila ukurasa, "dhamira", "ujumbe", "falsafa ya mwandishi", mishale kibao. Nikawasha chemli nikasema ngoja nisogeze usiku.

Jamani. Nchi inaelea angani! Imepakana na pepo, huku Kusi, huku Matlai, huku Umande. Wanatumwa wajumbe sita, mmoja kila pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini, wanarudi na habari za nchi zinazoendeshwa vizuri na malipo yao ni kifungo. Na haya yote tunayasikia mahakamani, mshitakiwa ni Karama na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, Majivuno anamshitaki, na kila akisimama kujitetea Karama anatoa habari za mjumbe mwingine. Mtu anapigania shingo yake kwa kusimulia!

Nilikisoma shule kwa ajili ya mtihani. Nlijua kimetoka 1951, Mwingereza bado yupo, Shaaban Robert anaisema serikali kwa mafumbo, na ni kweli kabisa. Ila hakuna aliyewahi kuniambia hebu inua macho uione hiyo nchi ikining'inia huko juu. Nimekuja kuiona nikiwa na miaka thelathini na sita kwa mwanga wa chemli. Kwaio swali langu la pili, kuna nini kingine cha namna hii kwa Kiswahili ambacho tulikipita tukiwa na penseli mkononi?

kiko_cha_msa

Mkuu umenigusa. Mie niko na Mzimu wa Watu wa Kale, mara ya nne hii. Najua si fantasia ila nivumilie. Muhammed Said Abdulla alishinda nayo shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, sasa kwa watu wengi kesi imeshakwisha hapo, si mzimu huo. Mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko chake anaanza kuuliza vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviona vina maana, na rafiki yake Najum yuko pembeni anauliza yaleyale ambayo mie msomaji nataka kuuliza. Kinachonirudisha ni mazungumzo, watu wanaongea kama barazani kweli, mtu anakatizwa kauli, anajibiwa kwa fumbo, mwingine anaondoka na hasira zake.

Nikimaliza nachukua Kisima cha Giningi, 1968. Wa bara Giningi mnaijua? Ndiko wanakokutana wachawi, bibi yangu Pemba akitutisha nako tukikataa kulala. Mtu akiniambia Waswahili hatuna nchi zetu za ajabu namwambia sisi tulikuwa nayo kabla hatujajua kusoma, na tulikuwa tunaiogopa.

MamaWawili

Mimi nasoma na mwanangu wa miaka tisa, Harry Potter cha kwanza, kile cha 1997. Kingereza chake bado hakijakaa sawa kwaio nasoma sentensi kimoyomoyo af namwambia kwa Kiswahili, kila usiku kurasa nne tano. Anapenda mpaka anakula haraka ili twende kulala. Ila nakwama kwenye maneno wenzangu.

Nlianza na "wachawi". Siku ya pili mama mkwe yuko sebuleni akasikia "basi mtoto akapata barua ya kujiunga na shule ya wachawi". Akaja mpaka mlangoni akasimama, kanga mkononi, ananiangalia. Hakusema kitu. Asubuhi tunachambua mchele akaniuliza taratibu, mwanangu, huyu mjukuu wangu unamfundisha nini usiku? Na namwelewa kabisa, kwetu mchawi ni yule anayemaliza watoto wa jirani, hakuna mchawi mwema. Nikajaribu "mwanga", mbaya zaidi, mwanga ni yule wa makaburini usiku. "Mganga" mtoto akauliza kwani nani anaumwa? "Mazingaombwe" ni yale ya shuleni ya mtu kumeza wembe. "Miujiza" ni ya mitume, siigusi. Nataka neno la nguvu ambayo sio nzuri wala mbaya mpaka ujue iko mikononi mwa nani. Tunalo?

pwani_mchangani

Dada tumia sihiri. Neno lipo siku zote, linajulikana vitabuni na chuoni, na halina ule uzito wa mchawi wa usiku. Watu wake waite wanasihiri, mtoto atazoea siku moja tu.

Lakini mie nna neno na mleta mada. Mnasema fantasia, fantasia. Mie nnasoma Adili na Nduguze, Shaaban Robert huyohuyo, 1952. Gavana wa Janibu anajifungia usiku na manyani wawili, anawalisha vizuri, halafu anachukua mjeledi anawachapa huku mwenyewe analia. Mjumbe wa mfalme Rai anachungulia anayaona haya. Kumbe wale manyani ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, walimtosa baharini kwa wivu, jini Huria akamwokoa akawageuza wale ndugu manyani, na akamwamrisha Adili awachape kila usiku, asipofanya atachapwa yeye.

Nlipokisoma skuli sikukisoma kama kitabu cha ajabu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna chumba hakilaliwi, na watu wazima wenye akili zao wanapita pale wakitoa salamu. Sasa wewe ukiniambia jini ni fantasia kama joka la Kizungu, mie nakwambia joka hakuna aliyelisalimia.

Mleta uzi

Sheikh hii hoja nimeilalia usiku mzima sio utani. Kwaio wewe unasema kitabu ni fantasia pale tu mwandishi na msomaji wote wawili wanajua kwamba kitu hicho hakipo? Maana ukienda hivyo Kusadikika inabaki, hakuna anayeamini nchi ya angani, ila Adili inatoka.

pwani_mchangani

Ndio nsemavyo. Na isitoke kwa kudharauliwa, itoke kwa heshima.

mwalimu_kilifi

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu, nimesomesha fasihi miaka kumi na tisa, na maneno ya mleta mada kuhusu penseli yameniuma kwa sababu ni mimi ndio nilikuwa nawapa wanafunzi hizo penseli.

Ndugu yangu wa Unguja ana hoja, lakini nami niongeze. Hicho kisa cha Adili kina nduguye katika Alfu Lela Ulela, huko ndugu waovu waligeuzwa mbwa, Shaaban Robert akawafanya manyani. Yaani alikuwa mtu anajua anafanya nini, kachukua ajabu ya watu wengine akaishona upya ikae kwetu, na majina akayafanya yaongee, Adili, Hasidi, Mwivu, Mwelekevu. Kwangu mimi huo ni ufundi wa mtu wa fantasia, awe anaamini majini au asiamini.

Nasoma nini? Nimerudia Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Wengi wenu huko Tanzania nadhani hamjaiona. Dzombo anahukumiwa kifo kwa sababu anasema ukweli, na namna ya kumuua ni kumfungia ndani ya chombo na kumrusha angani. Anatakiwa afe huko. Hafi. Anatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki na usawa, na jina la nchi ni Walenisi. Lisome polepole. Wale ni sisi. Mara ya kwanza nilipolitambua hilo jina nilikuwa nimeketi kwenye matatu kutoka Mombasa, nikafunga kitabu nikatazama nje mpaka Mtwapa. Na mwandishi alikuwa ameshawekwa kizuizini na serikali mwaka wa 1986, kwa hivyo akiandika juu ya mahakama na kifungo hakuwa anakisia.

Nakala yangu ni ya zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na ina sheria moja: ukiiazima unaandika jina lako nyuma ya jalada kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

msomaji_wa_mbezi

Niko kitabu cha tisa cha Wheel of Time kati ya kumi na vinne. Robert Jordan alifariki 2007 hajamaliza, Brandon Sanderson akamalizia, cha mwisho 2013. Sitasema zaidi, nataka tu mjue nipo na naendelea.

mwalimu_kilifi

Hongera mwanangu, hiyo ni safari.

zeze_bovu

Nani ana PDF ya Nagona ya Kezilahabi anirushie inboksi tafadhali

mwandishi_wa_simuni

Hapana mkuu, naomba nisimame hapo. Mimi naandika simulizi, natuma vipande kwenye grupu la WhatsApp, sehemu kumi za kwanza bure zinazobaki mtu ananunua kwa hela ya vocha. Mwaka jana nimekesha miezi mitano na simulizi ya msichana aliyezaliwa chini ya Ziwa Tanganyika, siku nimetuma sehemu ya mwisho saa mbili usiku, saa nne nikaikuta kwenye grupu lingine nzima nzima, jina langu limefutwa limewekwa la mtu mwingine, na watu wanampongeza. Nlikaa chini. Sikulia ila nlikaa chini kwenye sakafu.

Kwaio ukiomba PDF ya kitabu cha mtu naomba ukumbuke kuna mtu alikesha. Kezilahabi ametutoka Januari 2020 lakini kazi ni yake bado. Nagona kitabu chembamba tu, ulizia maduka ya vitabu ya mtaa wa Samora Dar au wale wa vitabu vya mtumba, ukikosa nenda maktaba ukakae nacho humohumo.

zeze_bovu

Nimekuelewa na samahani. Ukweli sikua nafikiria hivyo, nlikua nafikiria nauli. Ntaenda maktaba jumamosi. Af hio ya msichana wa chini ya ziwa iko wapi nainunua mimi kama mimi.

binti_ukerewe

Kwa kuwa mmemtaja mtu wa kwetu nami niingie. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe 1944. Watu wanamjua kwa Rosa Mistika ya 1971, ile unaisoma unawaona watu kabisa, baba Zakaria na pombe zake, mabinti, ziwa. Sasa mtu akitoka pale akiingia Nagona ya 1990 anadhani kakosea mwandishi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nlitupa. Mara ya pili nlikua na kalamu natafuta kila kitu kinamaanisha nini, nikachoka. Mara ya tatu nlikua nauguza, nakaa wodini pembeni ya kitanda cha baba, saa tisa usiku watu wote wamelala na kuna mtu mmoja anakohoa mbali huko, nikaisoma bila kuuliza chochote, nikaiacha inibebe kama ndoto, ikafunguka. Siwezi kukueleza imefunguka vipi. Nliposikia ukimya wa ule mji wa kitabuni nlikua nausikia na wodini.

zeze_bovu ukienda jumamosi usiende na penseli. Na ukimaliza chukua Mzingile ya mwaka unaofuata, 1991, ni pacha wake. Jina lenyewe linakuambia, mzingile ni zile njia zinazokuzungusha mpaka usijue ulikoingilia.

kiko_cha_msa

Pole na kuuguza dada. Mzee anaendeleaje?

binti_ukerewe

Alipona, yuko nyumbani, anafuga kuku. Ahsante kwa kuuliza.

muscat_unguja

Assalam alaykum. Mie nipo Muscat, mzaliwa wa hapa, mama yangu wa Unguja. Ana miaka thamanini na moja na macho hayaoni tena herufi, kwa hivyo baada ya laasiri nnamsomea. Tulianza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, akawa ananisimamisha kila tukifika Ng'ambo, "hapo hapo, soma tena". Yasmin alipomkimbia mumewe Bwana Raza akaenda kwa Mwajuma mama alipiga makofi.

Sasa tunasoma Peponi. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza 1994, alipopata Nobel 2021 ndio tukasikia inatafsiriwa, Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili 2022, Mkuki na Nyota wameichapisha. Kijana Yusuf ana miaka kumi na mbili anachukuliwa na Ami Aziz, anadhani anakwenda kutembea, kumbe baba yake ana deni na yeye ndio kalipiwa. Khalil wa dukani ndiye anayemwambia kuwa yule si ami yake. Nilipofika hapo mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "kawekwa rehani." Neno hilo kalitamka yeye kabla sijalifikia. Akanieleza habari ya mtu wa ukoo wetu wa zamani sana ambaye sikuwahi hata kusikia jina lake, jioni yote ikaenda, kitabu kikabaki mapajani.

Nilikwisha kuisoma kwa Kiingereza na niliipenda. Lakini kwa Kiingereza mama yangu asingelikuwemo.

MamaWawili

Nimesoma hii mara mbili na machozi yananilenga. Msalimie mama sana, mwambie shikamoo kutoka Kigamboni.

muscat_unguja

Marahaba anasema, na anauliza Kigamboni bado mnavuka kwa pantoni? Nimemwambia na daraja lipo.

kampala_road

Habari zenu ndugu. Mimi niko Kampala, Kiswahili changu ni cha kujifunza mtanisamehe. Nasoma Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, ilitoka Nairobi mwaka 2014. Inaanzia Buganda mwaka 1750. Mtu mkubwa anasafiri na watu wake jangwani, njiani anampiga kofi mtoto wake wa kulea, kofi moja tu, kijana anakufa. Laana inafuata ukoo mpaka mwaka 2004. Nimefika pale jamaa wanaanza kutafutana ili wakutane.

Nimesoma maneno ya ndugu wa Zanzibar juu ya jini. Huku ni vilevile. Wazungu wakiisoma Kintu wanaweza kusema ni fantasia kwa sababu kuna laana. Shangazi yangu akiisikia atasema ni historia na atauliza ukoo gani. Mimi nasoma nikiwa katikati ya hao wawili na sioni haja ya kuchagua.

Mleta uzi

Wakuu huu uzi umekua mkubwa kuliko nilivyotegemea na nawashukuru. Nimeandika pembeni vyote mlivyotaja. Naongeza vitatu ambavyo rafiki yangu wa kazini kaniambia baada ya kumsomea michango yenu. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, bwana mkubwa mmoja anaitwa K tu, anaishi kwa raha zake, babu yake aliyekufa anamrudia na kumzungusha aone watu wanavyoishi. Ziraili na Zirani ya William Mkufya, 1999, mambo ya mbinguni na kuzimu na malaika mtoa roho. Na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, 2002. Kwa hiyo tukisema hatuna fantasia ya Kiswahili tunadanganyana. Tunayo, tumeiweka kwenye kabati la mtihani tukafunga na ufunguo tukampa baraza la mitihani.

Dada yangu nimempigia simu nikamwuliza anakumbuka nini kwenye Kusadikika. Akanitajia dhamira tano kwa mpangilio. Nikamwuliza unakumbuka kwamba ilikua inaelea? Akasema "ilikua inaelea?"

lamu_mwambao

Mumesahau mkubwa wao. Fumo Liyongo. Mimi sisomi riwaya sasa, nasoma utenzi wake, ule aliouandika Muhammad Kijumwa 1913, na nasema hii ndio fantasia kabla ya neno fantasia kuja pwani.

Mtu mrefu asiyeshikika, hakuna silaha imuingiayo ila sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo akaitoa kwa mwanawe wa kumzaa, na mwanawe ndiye alotumwa kumuua, kaahidiwa makubwa. Akamdunga usingizini. Sasa sikizeni hapa ndipo mimi hunisimama nywele. Liyongo akainuka na jeraha lake, akachukua uta na mishare, akenda mpaka kisimani akapiga goti, akavuta uta kama mwenye kutaka kufuma. Akafa hivyo hivyo, na goti chini. Watu wa mji wakamuona kwa mbali wakaogopa kuteka maji. Siku zapita, mji una kiu, wote wazima, na anayewazuia ni maiti. Mpaka wakaenda kumuomba mamake akaseme naye.

Nimesoma hizo habari za majoka, nyingine ni nzuri kweli. Lakini nitajieni moja yenye mji mzima unaokufa kwa kiu kwa kumuogopa mtu aliyekwisha kufa.

mwandishi_wa_simuni

Huyo mtoto. Kila mtu anamwandika Liyongo, mimi nataka kumwandika huyo mtoto, usiku ule kabla hajanyanyua sindano. Nimeshika daftari hapa na sijui kama leo ntalala.

lamu_mwambao

Andika kijana. Ukikwama kwa maneno ya kale niulize, babu yangu aliyajua na mimi nilimsikiza.

MamaWawili

Nimerudi na ripoti. "Wanasihiri" limekubali! Mtoto kalichukua kama alivyosema pwani_mchangani, siku moja tu. Kamkuta bibi yake jikoni akamwambia "bibi, mwanasihiri anaweza kuwa mzuri au mbaya, inategemea moyo wake", na mama mkwe akanitizama kwa mbali akaendelea kukuna nazi. Joka limebaki joka halina shida. Mbilikimo nimekataa, kuna watu wanaitwa hivyo kwa dharau, nasema "watu wafupi wa milimani".

Ila kikubwa ni hiki. Jana nilimwambia tupumzike na Kizungu siku mbili nikamsomea Adili na Nduguze, na mama mkwe nae akasogeza kigoda mlangoni kama anapumzika. Tulivyofika kwenye mjeledi mtoto kakaa kitako kitandani. Anauliza kwanini anawapiga kama analia? Nikamwambia ameamrishwa. Akauliza kwani hawezi kukataa? Sijapata jibu nikageuza macho kwa bibi yake, bibi akasema, "angekataa nani angewakumbusha walichokifanya?" Wakaanza kubishana wao kwa wao, mtoto anasema angewasamehe mara ya kwanza, bibi anasema ndugu aliyekutosa baharini humsamehi kabla hajaomba. Saa nne na nusu usiku nimezima taa kwa nguvu.

pwani_mchangani

Bibi huyo nampa mkono. Na mjukuu nampa mkono pia.

zeze_bovu

Nimetoka maktaba. Nilikaa na Nagona tangu saa tatu mpaka wanafunga. Sikua na penseli. Sijui nimeelewa nini ila nlivyotoka pale barabara ya Bibi Titi magari yote nlikua nayasikia kwa mbali. Jumamosi ijayo narudi. Na simulizi ya ziwani nimenunua yote, niko sehemu ya kumi na nane, mwandishi naomba usimuue yule mvuvi.

mwalimu_kilifi

Mleta mada, shemeji yangu anasafiri alhamisi kuja Tanga, anavukia Lunga Lunga. Uliuliza ni nini tulichokipita. Nimempa Walenisi aiache kwa mama yako kama utanitumia maelekezo inboksi. Irudi kabla ya mwezi wa nane, nimeamua muhula ujao naisoma na darasa langu, wiki ya kwanza bila kuandika chochote ubaoni.

Mleta uzi

Mwalimu sina la kusema. Maelekezo nimetuma.

Mleta uzi

Wakuu kitabu kimenifikia leo asubuhi, mama kampa dereva wa basi wa jirani yetu, kimefungwa gazeti mara mbili na uzi wa katani. Karatasi kweli ni rangi ya chai. Nimefungua jalada la nyuma kama sheria inavyosema. Kuna majina sita, la kwanza wino umeshafifia, la nne limeandikwa na mtoto maana herufi ni kubwa kubwa na zinapanda juu. Nimeandika langu la saba.

Nitamaliza kwa wiki mbili. Kabla hakijarudi Kilifi kuna nafasi ya mtu mmoja wa Dar, nani wa nane?